Watoto Wakubwa wa Netherhurst

Kuna watu husomea sheria, kuna wanaosomea udaktari, na kuna wanaosomea chochote kile ilimradi mwisho wa yote wapate ajira na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Severa, binti wa Rogath wa mablanketi, alisomea kijiji. Tena kijiji chenyewe si cha kwao. Ni kijiji cha Wazungu, kusini mwa Uingereza, mkoa wa Sussex, kinaitwa Netherhurst. Kina kanisa moja, kilabu kimoja cha pombe na tope la kutosha, na Severa hajawahi kukikanyaga hata kwa bahati mbaya.

Mtaa wa Narung'ombe wote ulilijua hilo, maana Kariakoo siri haimalizi kikombe cha kahawa. Khalfani, jirani yao wa duka la vitenge, mtu wa Lindi mwenye mdomo usiojua likizo, alikuwa akimwona tu anapita na begi lake la kompyuta, anaanza.

"Dokta! Hao mababu wa Kizungu hawajambo?"

"Shikamoo, Baba Hajira. Wamekufa wote."

"Marahaba. Sasa kama wamekufa wote, unawafuatafuata wa nini? Waache wapumzike, mama."

Watu wakacheka, na Severa akacheka nao, kwa sababu Khalfani alimjua tangu yuko shule ya msingi na utani wake haukuwa na sumu. Lakini mimi nawauliza ninyi mnaocheka. Wazungu wametuandika tangu enzi za babu zake babu. Walikuja na miavuli yao, wakauliza tunaoanaje, tunazikanaje, tunagawanaje mashamba, wakaandika vitabu vinene, na hakuna aliyewauliza yanawahusu nini. Leo mtoto wa Kariakoo anageuza kalamu na kuwauliza wao waligawanaje mashamba, eti ndiyo imekuwa kichekesho. Ebo!

Ilianza darasani, chuo kikuu, alipokuwa akisoma shahada ya pili. Dokta Benedikta, mwalimu wake wa historia, alitaja kwa kupita tu kwamba zamani, katika baadhi ya vijiji vya Sussex, baba akifa shamba na nyumba vilikwenda kwa mtoto wa kiume wa mwisho. Si wa kwanza, kama ilivyokuwa kwa Waingereza wengi. Wa mwisho. Wasomi wa huko wamekuna vichwa miaka nenda rudi wakiona ni muujiza. Severa akaangua kicheko, darasa zima likageuka. Muujiza gani tena huo? Kwao Marangu, mlimani Kilimanjaro, ndivyo ilivyo. Mkubwa hukatiwa kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo. Wa mwisho hubaki na nyumba ya baba, mama akiwa humo ndani. Wa katikati Mungu atawajalia.

Rogath mwenyewe alikuwa wa katikati. Mungu akamjalia Buguruni, chumba cha kupanga cha kulala kwa zamu na kazi ya kubeba marobota, kisha kibanda, kisha fremu ya kushirikiana, hadi akafika Kariakoo na duka la jumla la mablanketi na mashuka. Mdogo wake Heriel akabaki Marangu na nyumba, migomba na mama. Ukimuulizia Heriel, Rogath hukujibu, "Hajambo," kisha hubadilisha mazungumzo.

Basi swali la Severa likawa hili: watoto wakubwa wa Netherhurst, wale waliopitwa na mdogo wao, walikwenda wapi? Vitabu vilijibu kwa mkato kwamba walipotea. Wakawa vibarua, wakazama kwenye ufukara, wakapasahau kwao kwa uchungu. Severa alilikataa hilo kwa moyo wake wote. Mtu hapasahau kwao kwa kunyimwa shamba. Ukimnyima ndiyo kwanza umempa sababu ya kukumbuka. Yeye aliamini walikwenda mji wa bandari uliokuwa karibu, wakafanya biashara, na kila mwaka walirudi kijijini wakaonekana na watu. Kusema hivyo ni rahisi. Kuthibitisha kulimtoa kwenye shahada ya pili kukamwingiza ya tatu, na huko nako mwaka wa tatu ulikuwa unakatika.

Mkombozi wake alikuwa bibi mmoja wa hukohuko, Caroline, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa Chama cha Historia cha Netherhurst. Usisikie chama ukadhani jambo kubwa. Ni wazee wachache wanaokutana kwenye ukumbi wa kanisa, wanakunywa chai na kubishana ukuta fulani ulijengwa lini. Severa alimwandikia barua pepe bila matumaini, Caroline akajibu siku ileile. Ukumbini, akasema, wanalo sanduku la mbao ngumu lenye madaftari ya wazee wa kanisa wa karne nyingi zilizopita, yameandikwa nani alitoa nini, nani aligombana na nani, nani alikutwa amelewa ibadani. Asingeweza kuyapiga picha yote, mgongo na macho vilikuwa vimeshamgomea. Akauliza: unataka kurasa zipi?

Severa hakujiuliza mara mbili. Akaomba kurasa za Desemba, za kila mwaka.

Na wewe ungemuuliza Mchagga yeyote wa Kariakoo angekujibu hivyohivyo. Desemba ikikaribia katikati, maduka yanafungwa moja moja, mabasi ya Moshi yanajaa, watu wanapanda na watoto, suti mpya na zawadi za bibi, na asiyekwenda anaulizwa kama anaumwa. Dokta Benedikta, ambaye kwao ni Songea, alimuuliza siku moja, "Una hakika na hiyo Desemba yako?"

"Mwalimu, sasa watu warudi kwao lini kama si Krismasi?"

Mwalimu akaguna, akaliacha.

Picha zikaja. Severa akajifunza kuusoma ule mwandiko wa kale, herufi zimelaliana kama mihogo kwenye genge. Katika Desemba zote hizo akaambulia watu watatu tu, wenye majina ya koo za Netherhurst, wameandikwa kwamba walikuja kutoka nje ya kijiji. Watatu. Akaijenga hoja yake juu ya migongo ya hao watatu, akaipaka rangi, ikapendeza kwa mbali.

Mwaka huu chama kikapata ufadhili. Kitamchukua mtafiti mmoja, kimpe nauli, chumba juu ya ofisi ya kanisa kwa nusu mwaka, na ufunguo wa lile sanduku. Mmoja tu. Waombaji wakachujwa wakabaki wawili, kijana wa chuo kilicho jirani na kijiji hicho, na Severa. Kila mmoja angezungumza mbele ya wanachama, Severa kwa mtandao, kisha wanachama wapige kura. Dokta Benedikta hakumficha kitu.

"Severa, kwa picha hizi peke yake jopo la watahini wa shahada yako halitakupitisha. Na mimi nikiwa jopo nisingekupitisha. Ukikosa nafasi hii tunaachana na Uingereza, unaanza mada nyingine tangu mwanzo."

Severa alilia kwenye bajaji njia nzima, na hakuona haya.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Februari, kule mchana, huku jioni, saa ambazo Kariakoo inamalizia kelele zake zote za wiki. Mtandao ulishika vizuri stoo ya ghorofani, juu ya duka la baba yake, kwa hiyo Severa akaweka kompyuta juu ya robota la mablanketi, akavaa blauzi yake ya heshima, chini akiwa na kanga, maana chini hakuna anayeona. Rogath akapanda ngazi akisema anatafuta kalamu. Akaipata, na hakushuka. Akavuta stuli akakaa nyuma ya mlango, mikono kifuani.

Shida ikawa spika ya Khalfani. Unazijua hizo spika, inarekodiwa sauti moja halafu inaimba kutwa, vitenge vitenge, njoo uchague mwenyewe, vitenge vitenge. Severa akachungulia dirishani ili ashuke akambembeleze, akamkuta Khalfani amesimama chini, ameshachomoa waya kwa mkono wake, Jumamosi jioni, wateja wakiwa wamejaa.

"Leo watakusikiliza wewe, dokta," akapaza sauti. "Usituangushe!"

Kwenye kioo ukatokea ukumbi, makoti mazito, vikombe vya chai, vichwa vyeupe. Caroline alikaa mbele, mwembamba, miwani kwenye ncha ya pua. Yule kijana wa chuo cha jirani alitangulia. Alizungumza kuhusu kondoo na biashara ya sufu, na tuseme ukweli, alizungumza vizuri. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Ikafika zamu ya Severa. Akawaeleza kuhusu watoto wakubwa, mji wa bandari, biashara, na safari ya kurudi nyumbani kila Desemba. Akawaonyesha watu wake watatu. Alipomaliza wakapiga makofi, na Caroline akauliza kama kuna swali.

Akasimama mzee mmoja nyuma kabisa, karibu na mlango. Uso mwekundu, mabega mapana, miguuni mabuti ya mpira yaliyoganda tope. Caroline akasema bila kumtazama, "Adam. Ni mkulima hapa kijijini."

"Swali langu ni dogo," Adam akasema. "Kwa nini Desemba?"

"Kwa sababu ndipo watu hurudi nyumbani," Severa akajibu.

"Kutoka bandarini? Kwa njia ipi?"

Ukumbi ukacheka kidogo, kicheko cha wenyeji. Adam hakucheka.

"Binti, udongo wa huku ni mfinyanzi. Babu yangu alinisimulia. Ikishaingia Novemba, mkokoteni wa ng'ombe ulizama mpaka kwenye ekseli, na hautoki mpaka mwezi wa tatu. Hata majeneza yalisubiri. Desemba hakuna aliyekuja hapa kutoka bandarini. Hao watatu wako nawajua kwa majina ya mashamba yao. Walikaa ng'ambo tu ya kijito. Walikuja kwa miguu."

Kwisha habari. Severa alihisi kama mtu aliyeanguka na ungo wa nyanya katikati ya Mtaa wa Kongo, kila mtu anatazama na hakuna pa kujificha. Na kilichomuuma zaidi si kicheko. Ni kwamba alipaswa kujua. Yeye amekulia jirani na bonde la Jangwani! Anajua masika yakichachamaa barabara inafungwa, mtu wa Magomeni anaiona Kariakoo kwa macho na hawezi kufika. Ameshuhudia hayo tangu mtoto, na katika miaka yote hii hajajiuliza hata mara moja kuhusu tope la wenzake. Aliichukua Desemba ya Marangu akawavika watu waliokwishakufa, wala hakuwauliza kama inawatosha.

Nyuma ya mlango Rogath alikuwa amesimama. Kiingereza chake ni cha kununulia mzigo, lakini kicheko cha kumcheka mwanao hakihitaji mkalimani.

Angeweza kubisha. Wasomi hubisha, wana maneno ya kutosha ya kufunikia shimo. Severa akaisogelea kamera.

"Bwana Adam, umenishika," akasema. "Nimekosea. Kwetu watu hurudi Desemba, nami nikadhani dunia nzima iko hivyo. Naomba radhi kwenu, na kwa Bi Caroline aliyeinamia kamera bure." Kisha likamtoka swali ambalo halikuwa limeandikwa popote kwenye karatasi zake. "Lakini sasa naomba niulize mimi. Ninyi mlikuwa mkirudi lini?"

"Nani?" Caroline akauliza.

"Watu wa Netherhurst walioondoka. Watu hawaondoki moja kwa moja hivihivi. Lazima kulikuwa na siku yao ya kurudi. Ilikuwa lini?"

Vichwa vikageuka ukumbini. Walitazamana. Wazee wale walijua ukuta upi ulijengwa lini na nani aliiba jiwe la mpaka la nani, lakini swali hilo, kwa jinsi walivyotazamana, halikuwahi kukaa mezani kwao. Mama mmoja wa pembeni, mwenye sweta la buluu, akainua mkono nusu.

"Mama yangu alikuwa akisema habari za sikukuu ya kanisa," akasema taratibu. "Sikukuu ya Mtakatifu Yakobo. Alisema zamani za bibi yake nyumba zilijaa hadi wageni wakalala kwenye majani makavu ya ng'ombe. Mimi nilidhani ni hadithi tu."

"Mtakatifu Yakobo ni mwishoni mwa Julai," akasema mwingine.

Adam alikuwa bado amesimama. Akakuna shingo. "Julai njia ni kavu," akasema. "Julai hata mtoto anafika."

Caroline hakungoja kura wala ajenda. Aliinuka na mgongo wake uleule mbovu, wawili wakamsaidia kufungua sanduku lililokuwa palepale ukumbini, madaftari yakatolewa yakatandazwa kati ya vikombe vya chai. Watu wakavaa miwani. Severa alibaki akitazama migongo tu kwenye kioo, anasikia kurasa zinafunuliwa na hawezi kuzigusa. Rogath akasogea karibu.

"Wanafanya nini?"

"Wanatafuta, Baba. Nilikosea mwezi."

"Umekosea, na bado wanakutafutia?"

"Ndiyo."

"Basi hao ni watu," akasema Rogath, akakaa juu ya robota pembeni yake.

Mara Caroline akapiga ukelele. Akasogeza daftari karibu na kamera mpaka likajaza kioo kizima. Julai, mwaka mmoja wa karne ya kumi na saba. William Pelling, wa bandarini, ametoa kamba mpya ya kengele. Severa akaruka juu, kanga nusura imdondoke. Alimjua William Pelling! Kwenye kumbukumbu za mashamba aliandikwa mara moja tu, siku baba yake alipofariki na kila kitu kikaenda kwa John, kitinda mimba. Baada ya hapo vitabu vyote viliandika kwamba hajulikani alikokwenda.

"Yupo!" akapiga kelele kwa Kiswahili. "Baba, yupo! Hakupotea!"

Wakaendelea kusoma. Julai iliyofuata William hakuandikwa, lakini John wa shambani alitoa kamba mbili. Iliyofuata, William wa bandarini ametoa benchi la mwaloni. Iliyofuata, John wa shambani ametoa mabenchi mawili. William akaleta taa. John akaezeka kibaraza cha mlango wa kanisa. Na si hao tu. Mama wa sweta la buluu akapata ukoo mwingine, Adam akapata wa tatu, kila mmoja anasoma kwa sauti, wanakatizana kama watu wa mnada wa samaki Feri.

Caroline akarudi kwenye kiti chake, akavua miwani.

"Kuna kitu sikielewi," akasema. "Watu hawa walinyimwa kila kitu. Kwa nini watoke mbali na kubeba mabenchi kuwaletea walewale waliobaki na mali? Ni upendo? Ni msamaha?"

Severa alikuwa na maneno tayari, mazuri, ya kitabuni, kuhusu mafungamano ya jamii na maana ya nyumbani. Rogath akamgusa kiwiko.

"Anasema nini huyo mama?"

Akamtafsiria. Rogath akacheka kwa puani.

"Upendo! Mwambie mimi ni wa katikati, nimekwenda Marangu kila Krismasi, na nitamwambia ni nini." Akajisogeza mbele ya kamera, akaweka kola ya shati sawa. "Kwetu, ibada ikiisha, watu wanatoka nje na kuna mnada. Asiye na pesa ametoa sadaka ya mavuno, kuku, mayai, mkungu wa ndizi. Vinanadiwa pale pale, pesa inaingia kanisani. Sasa mdogo wangu Heriel, mwenye shamba la baba, mwaka juzi ametoa mkungu wa ndizi. Sawa. Umenadiwa, na nani ananyoosha mkono? Heriel! Anataka kununua ndizi zake mwenyewe ili asifiwe mara mbili. Nikasema haiwezekani. Akataja, nikapandisha. Akapandisha, nikapandisha. Mkungu ule niliununua kwa bei ya mbuzi aliyenona."

"Baba, niwaambie hivyohivyo?"

"Msema kweli mpenzi wa Mungu. Waambie. Waambie sikuwa na njaa ya ndizi. Nilitaka mchungaji alitaje jina langu kwa sauti, na Heriel asikie, na mama asikie. Shamba ni lake. Lakini siku ile, kwa muda ule mfupi, pale ni kwangu pia."

Severa hakuwahi kumsikia baba yake akilisema hilo, maisha yake yote. Akageuka akatafsiri, neno kwa neno, na mbuzi akiwemo.

Kisha kule Netherhurst, nyuma karibu na mlango, mtu akaanza kucheka. Ni Adam. Alicheka peke yake, mabega yanatikisika, mpaka akashika ukuta. Na mbele, Caroline akajifunika uso kwa karatasi.

"Adam ni mdogo wangu," akasema kutoka nyuma ya karatasi. "Shamba la baba analo yeye. Kila Julai mimi huleta maua ya madhabahuni."

"Na mimi huleta makubwa zaidi!" Adam akasema kwa sauti.

"Nilidhani watu hawajagundua," akasema Caroline.

Wapi! Ukumbi mzima ulilipuka. Kumbe kijiji kizima kilijua, miaka yote wanakaa ibadani wamebanwa na maua, hawaoni mhubiri, na wamekaa kimya kwa adabu ya Kiingereza. Mama wa sweta la buluu alifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Caroline akashusha karatasi, akamtazama mdogo wake ng'ambo ya viti vyote vile, na safari hii hakuyahamisha macho.

"Vita vya panzi, furaha ya kunguru," Rogath akanong'ona. "Kanisa ndilo limefaidi."

Severa akajaribu kuwatafsiria hilo nalo, wakacheka upya.

Ndipo Adam akasonga mbele na mabuti yake yenye tope, akasimama pembeni ya kiti cha dada yake. "Huyu binti amekosea mwezi," akawaambia wenzake. "Nimemshika mimi mwenyewe, na ningemshika tena. Lakini hili swali limekaa nyumbani kwetu tangu nizaliwe, na hakuna kati yetu aliyeliuliza. Mimi kura yangu ni hii." Akanyoosha mkono. Caroline akanyoosha wake. Mikono ikainuka ukumbi mzima, mingine imeshika bado madaftari, na yule kijana wa kondoo, ambaye hakuwa na kura, akapiga makofi kuliko wote. Mungu ambariki kijana yule, maana naye alikuwa na ndoto zake.

"Njoo mwezi wa tano," Caroline akasema. "Njia zitakuwa zimekauka. Sikukuu itakukuta hapa, na ufunguo utakuwa wako."

Severa alitaka kusema asante ya kisomi. Badala yake alilia, mbele ya wazee wote wale, kilio cha furaha kisicho na mpangilio, na baba yake akamshika bega huku akiwapungia Wazungu mkono kama mgombea ubunge.

Kioo kilipozimika, walibaki wawili kati ya marobota. Chini spika ikaanza tena, vitenge vitenge, na sauti ya Khalfani juu yake akiuliza kwa kelele, "Vipi huko? Tumepata au hatujapata?"

"Tumepata!" Severa akampigia kelele dirishani, na mtaa ukashangilia bila kujua unashangilia nini.

Rogath alikuwa ameinama, anakunja upya blanketi ambalo halikuwa limekunjuka.

"Hiyo habari ya ndizi," akasema. "Utaiandika?"

"Lazima niiandike, Baba. Msomi anataja aliyemwambia. Chini ya ukurasa kuna mahali pake pa kuweka majina."

"Kwenye kitabu cha Wazungu?"

"Kwenye kitabu changu."

Akafikiri. "Basi uandike Rogath. Halafu chini yake, Heriel."

Severa akatabasamu. "Baba, kwa desturi ya Netherhurst, mdogo ndiye hutangulia."

Rogath alilikunja blanketi lile, akalikunja tena, akalibandika juu ya mengine, akalipigapiga likae vizuri. Severa alidhani amemkera.

"Haya, mtangulize," akasema mwishowe. "Ni mdogo wangu, nitafanyaje. Lakini uandike wazi kwamba ndizi nilizichukua mimi."